Maziwe, Kisiwa Kilichopoteza Miti Yake

(Maneno aliyoyasema mwenzetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tingi)



Mmenitaka nieleze nilikopita tangu tulipoagana. Badala ya kuhesabu vyeo na vituo vya kazi, naomba niwape habari za kisiwa kimoja.

Kazi ilinipeleka Pangani, mkoa wa Tanga. Baharini mbele ya mji huo, kilomita 8 hivi, kipo kisiwa kiitwacho Maziwe. Nasema kipo, lakini mvuvi aliyenichukua alinicheka aliponiona na mkeka wa kulalia. Sisi wa Tingi tumezoea Ziwa Nyasa, ambalo halijui kupwa na kujaa kila siku. Tulifika tukakanyaga mchanga mweupe, ndege wa baharini wamejipanga ukingoni. Kabla jua halijachwa maji yalikwisha kufunika kila kitu, nami nimo katika ngalawa na mkeka wangu.

Zamani hakikuwa hivyo. Kulikuwa na mivinje, na hakukuwa na mahali pengine Tanzania palipojulikana kwa kasa wengi kama hapo. Mwaka 1975 Serikali ilikitangaza kuwa hifadhi. Lakini tangazo halizuii wimbi. Miti ilikwisha, mchanga ukakosa mizizi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji yakijaa kisiwa hakikuonekana tena. Wapo wanaotaja nguvu za bahari yenyewe. Wazee walionisimulia mimi walianza na shoka.

Kasa hawakupata habari hizo. Jike hurudi kutaga pande zile alikozaliwa. Huchimba usiku, hufukia mayai yapatayo 100, kisha huenda zake. Yai lile huvuta hewa kupitia ganda lake laini; likikaa majini, kilichomo hufa. Kwa hiyo watu wa Ushongo, kijiji cha pwani ya bara, huyafuata mayai kwa chombo na kuyafukia upya ufukweni kwao. Huyabeba taratibu, bila kuyageuza. Baada ya siku 50 hadi 60 mchanga hutikisika, na vitoto hukimbilia maji.

Juzi niliposhuka ziwani Mbamba Bay niliutafuta mkuyu tuliokuwa tukifungia mitumbwi. Haupo, na ukingo pale umemeguka. Nimeuliza nani aliukata. Wenyeji tulioketi nao hapa wananitazama tu, hawajanijibu bado.