Roketi ni lori, tuulize mzigo

Majuzi hapa Kifanya nilikuwa nikisimulia habari za roketi za makampuni binafsi. Mzee mmoja akanikatiza: "Mwanangu, hiyo roketi itashusha bei ya mbolea?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Tarehe 15 Aprili 2023, roketi ya kampuni ya SpaceX iliruka kutoka California, Marekani, ikiwa imebeba Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyogharimu shilingi milioni 50 za huko. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ardhi zisaidie kilimo. Wapo Wakenya walioshangilia. Wapo waliohoji faida yake, maana nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya ukame.

Nionavyo mimi, roketi ni lori. Lori likiondoka hapa na viazi kwenda Makambako, hatulipigii vigelegele. Twauliza kama mzigo umefika na mkulima amelipwa. Picha zikibaki mezani kwa wataalamu, mzee wetu ana haki ya kuguna. Lakini zikimwezesha bwana shamba kutuambia, "Pandeni sasa," au "Ngojeni kwanza," hapo roketi, hata ikiwa ya tajiri, itakuwa imefika Kifanya.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.