Faili dogo linaloamua mkondo wa maji

Programu huria za kukokotoa mwendo wa maji na hewa hupatikana bure, lakini maelekezo yanayoziendesha bado ni magumu kuyasoma. Mtayarishaji wetu wa vipindi aliyeko Kilburn, London, anaeleza kwa nini jambo hilo linamhusu hata mkazi wa bonde la Msimbazi. Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yake.

Hapa Kilburn, kaskazini-magharibi mwa London, kuna mto ambao wakazi wake wengi hawajapata kuuona. Jina lenyewe la mtaa limebeba neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kijito. Mwaka 1134 watawa wa kike waliweka makao yao kando ya kijito hicho, na kwa karne nyingi maji yake yaliteremka kutoka vilima vya Hampstead, yakapita hapa, yakaelekea kusini hadi mto Thames. Mwaka 1730 yalizuiwa kwa ukuta ili kupata ziwa la Serpentine katika bustani ya Hyde Park. Mji ulipopanuka katika karne ya 19 mto ukafunikwa na kugeuzwa mfereji wa maji machafu. Leo hii, anayesubiri treni katika kituo cha Sloane Square akiinua macho ataona bomba nene la chuma limekatiza juu ya reli. Ndani ya bomba hilo ndimo unamopita mto wa Kilburn.

Lakini wahenga walisema maji hufuata mkondo. Tarehe 14 Agosti 1975, Hampstead ilipata mvua ya zaidi ya milimita 170 kwa muda usiofika saa tatu. Tarehe 12 Julai 2021 mvua nyingine kubwa ikanyesha, na maji yakaingia katika nyumba za Kilburn na Maida Vale, hasa katika vyumba vilivyo chini ya ardhi. Sehemu hizi za London bado zinategemea mifereji ambayo hubeba maji ya mvua na maji machafu kwa pamoja. Mfereji ukijaa, kinachorudi ndani ya nyumba si maji safi.

Mhandisi anayetaka kujua mvua kama ile itafika wapi ikinyesha tena hawezi kuisubiri. Huijaribu ndani ya kompyuta. Na hapo ndipo linapoanza suala ninalotaka tulizungumze leo.

Hesabu ya mwendo wa maji

Kanuni za mwendo wa maji na hewa zimejulikana tangu karne ya 19. Taabu yake ni kwamba, isipokuwa katika hali chache zilizo rahisi, haziwezi kufumbuliwa kwa kalamu na karatasi. Kwa hiyo kompyuta hugawa eneo lote katika vyumba vidogo vidogo, mfano wa daftari la hesabu lenye miraba. Kisha katika kila chumba hukokotoa maji yaliyoingia na yaliyotoka, hatua moja ya muda baada ya nyingine, mara maelfu kwa maelfu.

Moja ya programu mashuhuri za kazi hiyo ilizaliwa kilomita zipatazo tano tu kutoka hapa Kilburn, katika chuo cha Imperial College, karibu na bustani ile ile ya Hyde Park. Henry Weller na wenzake walianza kuiandika mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwezi Desemba mwaka 2004 ilitolewa kama programu huria kwa jina la OpenFOAM: kila mtu anaruhusiwa kuichukua bila malipo, kuisoma, kuibadili na kuigawa. Nchini Ufaransa, shirika la umeme la EDF lilianzisha mwaka 1987 programu iitwayo TELEMAC kwa ajili ya mito na pwani, nayo ikawa huria mwaka 2010. Marekani ina SWMM, ya mifereji ya mijini, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1971.

Kwa chuo kikuu chenye bajeti ndogo, hii ni neema. Programu za kibiashara za aina hii huuzwa kwa bei ambayo idara nyingi za uhandisi barani Afrika haziimudu. Hata hivyo, kitu kupatikana bure ni jambo moja, na kutumika ni jambo jingine.

Mtumiaji mpya wa OpenFOAM hakuti madirisha na vitufe vya kubonyeza. Anakuta mafolda na mafaili ya maandishi matupu. Katika moja anaandika hesabu ianze lini na iishe lini. Katika jingine, umbo la eneo. Katika jingine, uzito na unato wa kimiminika. Katika jingine tena, mbinu za kukokotoa. Mafaili hayo ya mipangilio ndiyo mazungumzo yote kati ya mtu na mashine. Nukta-mkato ikisahauliwa, kazi haianzi. Na tarakimu moja ikikosewa, huenda kazi ikaanza, ikaisha, na ikatoa picha nzuri ya rangi rangi ambayo si ya kweli.

Nambari moja, mahali kumi

Tuchukue mfano. Mwaka 1928 wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, walionyesha sharti ambalo mbinu nyingi za hesabu hizi hulitii mpaka leo: katika hatua moja ya muda, wimbi lisivuke zaidi ya chumba kimoja. Ikiwa chumba kina upana wa mita 10 na wimbi linakwenda mita 5 kwa sekunde, hatua ya muda isizidi sekunde 2. Mwanafunzi akitaka picha iliyo kali zaidi akapunguza vyumba hadi mita 5, ni lazima hatua nayo iwe sekunde 1. Katika ramani bapa vyumba vimekuwa mara nne, hatua zimekuwa mara mbili. Kazi ya kompyuta, basi, imekuwa mara nane.

Upana wa chumba unaandikwa katika faili moja na hatua ya muda katika faili jingine. Akibadili hapa na kusahau kule, hesabu husambaratika. Na kama kina cha maji au upana wa mfereji umerudiwa kwa mkono mahali kumi, kubadili tisa na kuacha kumoja ni kosa linalongoja siku yake.

Dawa ya maradhi haya si ngeni kwa waandishi wa programu: nambari iandikwe mara moja tu, ipewe jina, na kwingine kote litajwe jina hilo. Zinazotokana nayo zikokotolewe ndani ya faili lenyewe. OpenFOAM imepiga hatua katika njia hiyo. Toleo la mwaka 2011 liliruhusu hesabu ndani ya faili la mipangilio, lakini kwa gharama: hata kuzidisha mbili kwa tatu kulimaanisha kipande cha lugha ya C++ kitafsiriwe kwanza katika lugha ya mashine, jambo linalochukua muda na linalohitaji kompyuta iliyoandaliwa kwa kazi hiyo. Bernhard Gschaider alikuwa ameonyesha, kupitia nyongeza yake iitwayo swak4Foam, kwamba mtumiaji anaweza kuandika kanuni za hisabati moja kwa moja bila kuwa fundi wa C++. Mwishoni mwa mwaka 2019, tawi mojawapo la OpenFOAM likapata njia nyepesi ya kukokotoa ndani ya faili bila kutafsiri chochote kwanza.

Je, faili lipewe uwezo wote? Hapa ninasita. Faili linaloweza kuendesha msimbo wowote linaweza pia kufuta kazi zako. Unapopokea mafaili ya mtu usiyemjua, hutaki kupokea na mkono wake ndani ya kompyuta yako. Watunzi wa OpenFOAM wanaijua hatari hiyo, na ndiyo maana programu hukataa kuendesha msimbo wa namna hiyo ikiwa mtumiaji ameingia kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Kwa maoni yangu lugha ya faili la mipangilio inapaswa kuwa ndogo: majina, hesabu na masharti machache. Yanayozidi hapo yaandikwe kando, mahali ambapo kila mtu anajua kwamba anasoma programu na si mipangilio.

Vipimo, na ujanja wa ndizi

Jambo la pili ni vipimo. Mwezi Septemba mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa nambari katika vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya mfumo wa kimataifa. Nambari zenyewe hazikuwa na kosa; zilikosa tu jina la kipimo. Katika hili OpenFOAM inastahili sifa. Huandika kando ya idadi orodha ya tarakimu saba zinazoeleza uzani, urefu, muda, joto na kadhalika, na mtu akijaribu kujumlisha mgandamizo na mwendo, programu hugoma. Udhaifu ni kwamba tarakimu saba ndani ya mabano ni fumbo kwa anayeanza. Kumruhusu aandike kwa maneno, mita kwa sekunde, kunamsaidia yeye na kunamsaidia atakayekagua kazi yake.

La tatu ni namna programu inavyosema na aliyekosea. Watumiaji wa OpenFOAM wana ujanja wao unaochekesha: mtu asiyejua ni maneno gani yanayokubalika mahali fulani huandika kwa makusudi neno lisilo na maana, mara nyingi neno la Kiingereza la ndizi. Programu hulalamika kwamba haimjui ndizi, kisha huorodhesha maneno yote inayoyajua. Kosa limegeuka mwalimu. Lakini mambo si hivyo kila mahali. Ukikosea herufi katika mpangilio usio wa lazima, programu kwa kawaida hulipuuza neno lako kimya kimya na kutumia thamani yake yenyewe. Wewe unadhani umeamuru, kumbe hukusikika. Kati ya kelele na ukimya wa namna hiyo, afadhali kelele.

Lugha ya nani?

Programu ya TELEMAC ina sifa moja ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili tunapaswa kuitazama kwa makini. Maneno ya faili lake la maelekezo yapo katika lugha mbili, Kifaransa na Kiingereza, na mtumiaji huchagua atakayo. Hisabati iliyo nyuma yake haibadiliki, kwa sababu kinachohitajika ni kamusi tu, inayoliunganisha kila neno la lugha moja na mwenzake wa lugha ya pili. Basi hakuna kizuizi cha kiufundi kinachozuia safu ya tatu.

Wala kazi ya aina hiyo si ngeni kwetu. Mwaka ule ule wa 2004 ambao OpenFOAM ilitolewa kwa umma, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walilazimika kukubaliana juu ya istilahi moja moja, na walithibitisha kwamba inawezekana.

Utauliza, msikilizaji, yote haya yana uzito gani kwa mtu asiyegusa kompyuta? Mtazame mkazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande. Mwishoni mwa mwaka 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba bondeni zilichorwa alama ya X na nyingine zikabomolewa. Sisemi kwamba kompyuta ndiyo iliyochora alama zile. Nasema kwamba mipaka ya hatari sasa huchorwa zaidi na zaidi kwa hesabu za aina hii, na mstari unaopita mbele ya mlango wako au nyuma yake unatokana na nambari alizoandika mtu katika faili: kina cha mfereji, kiasi cha mvua, ukali wa sakafu ya mto.

Tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wananchi wenyewe, kuchora mifereji na mitaa ya jiji hilo kwa data zilizo wazi kwa wote. Hiyo ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kwamba mwenye nyumba, au mwanawe aliyesoma, aweze kufungua faili la hesabu na kuuliza: nambari hii mmeitoa wapi? Faili lililoandikwa kwa majina yanayoeleweka, lenye vipimo vyake na asili ya kila thamani, linaweza kuhojiwa. Lililojaa tarakimu zisizo na jina halihojiki, hata likiwa wazi kwa dunia nzima.

Kwa hiyo nawageukia wanafunzi wa uhandisi mnaotusikiliza, popote mlipo. Programu hizi zote huruhusu maelezo kando ya kila mstari, maelezo ambayo mashine huyaruka na binadamu huyasoma. Hayo mnaweza kuyaandika kwa Kiswahili leo hii, bila kuomba ruhusa ya mtu. Andikeni nambari imepimwa na nani, mwaka gani, na kwa nini mmeichagua. Mkiona ujumbe wa kosa usioeleweka, pendekezeni ulio bora zaidi. Programu huria hupokea michango ya namna hiyo hata kutoka kwa asiyejua kanuni zote zilizo nyuma yake. Na atakayeanza kukusanya istilahi za safu ya tatu atakuwa amewatengenezea njia wengi watakaomfuata.