JIRANI NA MNAZI ULIOANGUKA
(Hotuba kwa wakulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe)



Tufani haichagui kwa haki. Hupita katika shamba la mtu mmoja ikaling'oa lote, na la jirani yake ikaliacha. Mwaka 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, lakini Pemba, isiyo mbali, haikupata hasara kama hiyo. Mwaka 1952 tufani nyingine iliipiga Lindi. Na mwezi wa Novemba 2023 mvua za El Niño zilileta mafuriko Mombasa. Basi aliyesalimika asijione mwerevu, wala aliyepatwa asidhaniwe mzembe.

Msaada wa serikali na wa vyama vya hisani wafaa sana, lakini huja kwa safari ndefu, nayo mihogo iliyofunikwa na maji huoza kwa siku chache. Wahenga walisema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo iliyo karibu ni jirani.

Kazi ya kwanza ni kuyatoa maji shambani. Majembe kumi huchimba kwa asubuhi moja mtaro ambao mtu mmoja angeuhangaikia siku nyingi. Lakini wenye mashamba ya bondeni waulizwe kwanza, maji yasije yakaondolewa kwa huyu yakamwangukia yule.

Kazi ya pili ni kuokoa chakula. Mihogo ing'olewe upesi, imenywe, ikatwe na kuanikwa juani iwe makopa. Aliyesalimika ampe mwenzake vijiti vya kupanda. Mbegu ya mhogo ni mti wake, si mzizi. Akivuna huku akitoa vijiti, chakula chake hakipungui.

Kazi ya tatu ndiyo isahauliwayo sana, nayo ni magogo ya minazi. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga mayai katika magogo yaozayo. Watoto wake hukua humo, na wakiisha kupata mbawa huruka kwenda kutoboa vilele vya minazi mizima. Chonga hajui mpaka wa shamba. Mjane asiye na mtu wa kumshikia shoka akiachiwa magogo yake, watakaolia baadaye ni jirani zake. Kwa hiyo magogo yapasuliwe. Yafaayo kwa ujenzi yatumiwe, na yaliyobaki yachomwe. Makuti nayo yaezeke nyumba zilizoezuliwa.

Kazi ya pamoja si jambo geni katika pwani. Wamijikenda huiita mweria: leo hulimwa shamba la huyu, kesho la yule, na mwenye shamba huwapikia wenzake. Baada ya tufani yafaa desturi hiyo igeuzwe kidogo. Aliyepoteza mavuno asidaiwe chakula. Kila mtu aje na chake. Wala kazi isianzie kwa mwenye cheo, bali kwa mjane, mzee na mgonjwa.

Mnazi mpya huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Katika miaka hiyo mwenyewe atakula mihogo na kunde azipandazo katikati ya miche, naye atahitaji mkono wa jirani zaidi ya mara moja.

Basi kila mtaa upatane kabla ya masika: nani ana shoka, nani ana msumeno, na shamba la nani litaanzwa.