Vijiti vya Kupima Sukari: Ombi la Mhasibu kwa Wana-Usangi



Mimi ni mhasibu, si daktari. Naomba niwaeleze habari za mtoto wa dada yangu. Alipokuwa na miaka tisa alianza kunywa maji bila kukoma. Akarudia kukojoa kitandani, nguo zikampwaya. Kwenye zahanati moja akapewa dawa ya malaria. Siku ya tatu akatapika, akawa anahema kwa nguvu, akalegea. Tulimfikisha KCMC usiku. Tone moja la damu lilitosha kuonesha: kisukari cha aina ya kwanza.

Ndugu zangu, kisukari hiki hakiletwi na kula pipi, wala mtoto hakurogwa. Kinga ya mwili wake mwenyewe inashambulia kongosho, nalo linaacha kutengeneza insulini, homoni inayouwezesha mwili kutumia sukari. Kabla ya 1922, mwaka insulini ilipoanza kutumika kule Toronto, mtoto wa namna hii hakupona. Leo anasoma na kucheza mpira, ilimradi apate sindano zake kila siku na apimwe sukari.

Mabingwa wa homoni za watoto ni wachache, ingawa tangu 2008 madaktari wa nchi mbalimbali za Afrika wamekuwa wakisomea ubingwa huo Nairobi. Lakini bingwa hawezi kumsaidia mtoto asiyemfikia akiwa hai. Safari inaanzia zahanati ya kijijini.

Sasa niseme kihasibu. Mashine ya kupimia sukari hununuliwa mara moja. Vijiti vyake huisha kila mara. Tukinunua mashine bila kutenga fungu la vijiti, itaishia kabatini. Kwa hiyo naomba ahadi zetu za mwaka huu ziwe za kila mwezi, hata zikiwa ndogo: za vijiti, betri, na nauli ya kushuka Mwanga hadi Moshi kwa mtoto anayehudhuria kliniki. Haba na haba hujaza kibaba. Hesabu zitabandikwa ukutani, kila mtu azisome.

Na nyumbani, mtoto akinywa maji kupita kiasi, akikojoa sana na kukonda, msisubiri. Ombeni apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Mpwa wangu sasa yuko darasa la saba. Nusura tumzike kwa kukosa kijiti kimoja.