Chuo cha Jina au Chuo cha Karibu? Neno kwa Wazazi wa Madaktari Watarajiwa

(Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe yetu ya Uhuru)

Nimepewa dakika kumi, na pilau tayari linanukia, kwa hiyo sitazunguka.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 nchi yetu haikuwa na chuo cha kufundisha madaktari. Kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. Wazazi wetu walikua wakimwona daktari kama mtu wa ajabu, na heshima hiyo tumeibeba hadi hapa Houston. Mtoto akisema anataka udaktari, hajamaliza sentensi, sisi tumeshapiga simu nyumbani.

Mimi ni mmoja wao. Mwanangu wa kwanza alipokubaliwa chuo chenye jina kubwa, mbali na hapa, nilitangaza kwenye kila kikundi cha WhatsApp. Tangu shule ya msingi alikuwa wa kwanza darasani. Kule akakuta kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Kemia ya mwaka wa kwanza akapata C. Kemia ogania, C tena. Hakuniambia. Mimi muuguzi, ninayesoma uso wa mgonjwa kabla hajafungua mdomo, sikuuona uso wa mwanangu kwenye simu kwa mwaka na nusu, maana kila tulipoongea nilimwita "Dokta". Alipokuja likizo ya Krismasi akaniambia, "Mama, naomba usiniite hivyo tena."

Chuo sikilaumu. Mimi ndiye sikuuliza shule za udaktari zinatazama nini, na ninafanya kazi hospitalini!

Hapa Marekani kwanza ni digrii ya miaka 4, kisha shule ya udaktari miaka 4, kisha mafunzo ya ubingwa miaka 3 hadi 7. Maandalizi ya udaktari si digrii. Hata ukisoma historia unaomba, ilimradi umemaliza baiolojia, kemia na fizikia zinazotakiwa. Wanatazama alama, hasa za sayansi, mtihani wa MCAT, barua za walimu, na saa ulizokaa na wagonjwa. Wanaoingia huwa na wastani wa karibu 3.8 kati ya 4.0, na MCAT karibu 512 kati ya 528. Na C haifutiki: ukirudia somo, kwenye maombi zinahesabiwa alama zote mbili. Jina la chuo linasaidia kidogo, lakini haliigeuzi C kuwa A.

Mwaka jana ikawa zamu ya binti yangu. Safari hii tulikaa mezani na kalamu. Chuo kimoja cha jina kilijisifu kwamba karibu wanafunzi wake wote wanaoomba udaktari wanapata. Binti akauliza swali ambalo mimi nisingeliuliza: "Mnawaandikia wote barua ya kamati?" Kumbe hapana, ni wenye alama za juu tu. Waliochujwa njiani hawamo kwenye hesabu ile.

Alichagua chuo kikuu cha serikali, dakika 40 kutoka nyumbani, chenye ufadhili. Anajitolea hospitalini kila Jumamosi, na mwalimu wake wa kemia anamjua kwa jina. Shangazi yake Dar aliuliza, "Ndiyo chuo gani hicho?" Nilimeza mate nikajibu. Kwa sheria, shule nyingi za udaktari za serikali hapa Texas hazichukui zaidi ya asilimia 10 kutoka nje ya jimbo, kwa hiyo mtoto wa hapa ana nafasi yake.

Lakini msinielewe vibaya. Vyuo tajiri mara nyingine ndivyo rahisi zaidi kwa familia zetu. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haitozi ada familia nyingi zenye kipato cha dola 200,000 kwa mwaka au chini. Kama mtoto ana msingi imara na bei ni hiyo, aende, na mniite kwenye sherehe. Fungueni kikokotoo cha gharama kwenye tovuti ya kila chuo kabla ya kusaini maombi ya Januari yanayomfunga mtoto. Tunzeni fedha pia, maana kuanzia Julai 2026 mkopo wa serikali kuu kwa wanaoanza udaktari una kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla.

Mwanangu sasa anasoma takwimu za afya ya jamii, na simu zetu zimekuwa ndefu. Ameniruhusu kuyasema haya leo. Nilimuuliza mara mbili.

Majibu ya maombi ya mapema yanatoka wiki hizi. Mwenye barua mbili mkononi na usingizi hauji, nitakuwa meza ya pili, pale penye kachumbari.