Kamera za Barabarani: Tuulize Nani Anafaidika



Kamera inayonasa magari yanayopita taa nyekundu inaweza kuokoa maisha. Lakini pia ni biashara. Tujifunze kutoka Chicago, Marekani.

Jiji hilo lilianza kufunga kamera hizo mwaka wa 2003, kandarasi ikiwa ya kampuni ya Redflex. Baadaye ilibainika kwamba John Bills, afisa wa jiji aliyesimamia mradi, alikuwa akihongwa na kampuni hiyo: pesa taslimu, safari za gofu, hata nyumba Arizona. Kamera zikiongezeka, hongo nayo inaongezeka. Mwaka wa 2016 Bills alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Aliyekuwa mkuu wa Redflex Marekani, Karen Finley, alipewa miezi 30. Mwaka wa 2017 kampuni ilikubali kuilipa Chicago dola milioni 20.

Mradi kama huo ukiletwa kwetu, njooni kwenye kikao cha kushirikisha umma mkaulize: Je, kamera zinawekwa penye ajali au penye faini nyingi? Kampuni italipwaje? Nani aliichagua? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumieni.