Karo Imeisha, Masomo Bado

(Mazungumzo na vijana, Jumamosi baada ya alasiri)



Vijana wangu, nimepewa dakika 20, na najua wengine wenu mmeacha pikipiki nje na wateja wanapita. Kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Ni wangapi humu walipata barua ya chuo kikuu, wakasoma mwaka mmoja au miwili, halafu wakarudi nyumbani kwa sababu ya karo? Kama waona haya usiinue mkono. Mimi nainua wangu. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma biashara. Mzee alikuwa kibarua bandarini. Kazi ilipokatika, karo nayo ikakatika. Nikarudi na begi langu na karatasi ya matokeo ya mwaka mmoja. Mtaani wakasema, "Huyu masomo yamemshinda." Hayakunishinda. Pesa ndizo zilizonishinda, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Digrii yangu niliipata miaka tisa baadaye. Mchana nilikuwa nauza vipuri dukani, usiku nasoma. Leo nataka mjue njia hiyo ikoje, na wapi ina mashimo, maana nimeyatumbukia.

Kwanza tuelewane digrii ni nini. Si miaka minne. Ni hesabu ya kozi ambazo umethibitisha kuwa umezijua. Marekani wanaipima kwa krediti: digrii ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, kozi moja ni krediti 3, kwa hivyo ni kama kozi 40 hivi. Ukishaiona digrii kama kozi 40, unaanza kuuliza swali la mfanyabiashara: hizi zote lazima nizinunue kwa bei ya juu? Na zile ninazozijua tayari?

Wenzetu wa kule waliuliza swali hilo zamani. Tangu miaka ya 1960 kuna mitihani inayoitwa CLEP, ya College Board, hao hao wa SAT. Unajisomea nyumbani, unakwenda kituoni, unakaa dakika 90 hivi, unatoka. Alama zinatoka 20 hadi 80, na ukipata 50 vyuo vingi vinakupa krediti 3 au zaidi kana kwamba ulikaa darasani muhula mzima. Ada ya mtihani mmoja ni karibu dola 100. Mitihani 10 basi ni kama dola 1,000, na krediti 30 ni mwaka mzima wa chuo. Lipo hata shirika, Modern States, linalofundisha masomo hayo bure mtandaoni na kumlipia mwanafunzi ada ya mtihani. Na viko vyuo vilivyoanzishwa makusudi kwa watu wa namna hii, watu wazima wenye kazi na watoto: Thomas Edison kule New Jersey, Charter Oak kule Connecticut, Excelsior kule New York. Vyote ni vya mwanzo wa miaka ya 1970.

Mbona nawaeleza ya Marekani na sisi tuko hapa? Kwa sababu najua mnaofuata ukurasa huu hamko hapa nyote. Kuna ndugu zetu Minneapolis, kuna walioko Columbus, wanafanya kazi ya usiku ghalani na wanadhani chuo ni cha watoto wa matajiri. Vituo vingi vya CLEP viko huko kwao. Ewe uliyeko kule, kaa na mshauri wa chuo cha karibu, mwulize neno moja tu: "Mnakubali krediti ngapi za CLEP, na kwa kozi zipi?" Na kuna mitihani ya lugha ya ACTFL, ambayo Kiswahili na Kiarabu vimo. Lugha uliyonyonya kwa mama yako yaweza kukupunguzia karo.

Sasa turudi nyumbani. Msidhani jambo hili ni geni kwetu. Chuo Kikuu cha London kiliufungulia ulimwengu mitihani yake mwaka 1858; popote ulipo, ukijisomea na ukafaulu, digrii ni yako. Wazee waliosoma Makerere na Nairobi kabla ya uhuru walipewa digrii za London wakiwa papa hapa Afrika Mashariki. Mandela alimaliza digrii yake ya sheria kwa masafa kupitia UNISA mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Tena wewe unaniambia huna nafasi!

Na mtihani wa kujisomea tunao wetu. Kasneb ipo tangu 1969. CPA waweza kuisoma kwa vitabu vya kuazima, ukalipia karatasi moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu, ukafanya mtihani. Aliyepata C+ anaingia CPA. Aliyekosa aanzie ATD apande. Halafu sikiliza hapa: baadhi ya vyuo vikuu humsamehe mwenye CPA baadhi ya kozi za digrii ya biashara. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi. Nilitangulia na CPA, kwa sababu ndiyo niliyoweza kuilipia kwa mshahara wa duka, ikanipandisha kazini, na kazi ndiyo iliyolipa digrii. Fundi naye ana mtihani wa NITA, ule mnaouita gredi. Umetengeneza magari miaka kumi bila cheti? Nenda ukapimwe.

Kwa digrii ya masafa yenyewe, Kenya sasa tuna Chuo Kikuu Huria, Open University of Kenya, kilichopewa hati yake mwaka 2023, makao yake Konza. Masomo ni mtandaoni. Hulipi bweni, hupandi basi la Nairobi kila muhula, humwachi mama mgonjwa. Vyuo vingine vya umma pia vina masomo ya masafa. Nje kuna University of the People ya Marekani, ambayo haitozi karo ya kufundishwa bali unalipia ada ya kujiunga na ya kila kozi unapoifanya. Hapo sharti Kiingereza kiwe imara na bando lisikatike.

Najua wengi wenu mnaikwepa HELB kwa sababu ya ile riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mimi si sheikh, sitoi fatwa. Nasema tu kwamba anayelipia kozi moja moja kwa jasho lake, swali hilo halimfikii.

Haya, mashimo.

Nilipotaka kurudi chuoni, nilipigia simu chuo kimoja, nikaulizia zile kozi zangu za mwaka wa kwanza. Yule bwana akasema, "Hakuna shida, lete." Nikalipa usajili. Baada ya mwezi naitwa, naambiwa kozi tano hazilingani na zao, nizirudie. Pesa nimeshatoa, sina barua, nina sauti ya mtu kwenye simu. Nililia, wallahi, mtu mzima na ndevu zangu. Lakini kosa lilikuwa langu pia: sikuwa na mihtasari ya zile kozi, nilikuwa na alama tu. Kwa hivyo kama umeacha chuo, au unafikiria kuacha, usitoke bila karatasi ya matokeo iliyopigwa muhuri na mihtasari ya kozi zako zote. Na jibu la "tutazikubali" lipokee kwa barua au baruapepe kabla hujatoa hata shilingi. Hata wakikubali, watakubali sehemu. Hakuna chuo cha kweli kitakachokupa digrii nzima kwa kozi za kwingine.

Shimo la pili ni wale wanaokutumia ujumbe: "Digrii kwa tajriba ya maisha, wiki mbili, lipa kwa M-Pesa." Ndugu yangu, huo ni wizi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa vyeti 2,067 vya watumishi vilikuwa vya kughushi. Watu wanafutwa kazi na kudaiwa mishahara waliyokula. Chuo cha hapa, angalia jina lake kwenye orodha ya CUE. Cha nje, waulize CUE kama digrii yake itatambuliwa hapa, na uulize kabla ya kujiandikisha, si siku unapoitwa kwenye mahojiano.

La tatu hakuna anayekwambia: kusoma peke yako kunachosha roho. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Wiki tatu za kwanza una moto, ya nne umesinzia juu ya simu. Mimi nilianguka karatasi mbili mwaka mmoja. Kilichoniokoa ni watu wanne: tulikutana saiba moja kila Jumapili usiku, mwenyewe akituachia mashine mbili baada ya wateja kuondoka. Mmoja wetu alikuwa dada mwenye mtoto mchanga. Mtoto alilala kwenye kiti, mama akapiga hesabu. Alitupita sote kwa alama. Tafuta watatu wako kabla hujatafuta chuo.

Nimeleta madaftari mawili. Moja kwa walioacha chuo, jingine kwa ambao hawajaanza. Andika jina, umefika wapi, na una karatasi gani mkononi. Jumamosi ijayo njoo nazo, nakala si asili, tukae mezani tuandike hizo barua pamoja, moja kwa kila mtu.

Sasa maswali. Dada pale nyuma, naona umeinua mkono tangu nilipotaja CPA. Karibu.